Tuambizane ukweli: mtu wa shifti za kupokezana anasoma Biblia saa ngapi?

Shifti ya Tatu
Habari za muda huu wadau wa Tanga. Nina dai, nipingeni kwa hoja, si kwa mafungu ya kunitisha.

Kila Januari kanisani kwetu tunagawiwa karatasi ya ratiba ya kuisoma Biblia nzima kwa mwaka, na kila mwaka tunaambiwa yale yale: mwenye muda wa kuchezea simu ana muda wa Neno. Mie naona hesabu hiyo imepigwa na mtu wa kazi ya ofisini. Nipo kiwandani huku Pongwe. Wiki hii naingia saa moja asubuhi, ijayo saa tisa alasiri, ya tatu saa tano usiku, kisha tunaanza upya. Ile saa kumi na moja alfajiri inayosifiwa na kila mhubiri, wiki moja ndiyo naamkia, wiki ya pili nimelala fofofo maana nimefika nyumbani usiku wa manane, wiki ya tatu nimesimama mbele ya mashine. Mazoea yakianza kushika, shifti imegeuka.

Na hiyo simu tunayosimangwa nayo, mtu huishika akili ikiwa imeshachoka. Video ya mabao haikudai kitu. Waraka kwa Warumi unakudai.

Dai langu ni hili: nia wengi tunayo, tunachokosa ni saa isiyohama. Mlioweza, mnasoma saa ngapi, na mnasomaje? Wachungaji karibuni, ila mahubiri muyaache Jumapili.

Kijana wa Bajaji
Naweka kambi hapa. Biblia ninayo kwenye bajaji, abiria wakiiona wananiita mtumishi. Huwa naifungua nikisubiri zamu pale Kange, aya ya pili haijaisha mtu keshaingia, "twende Chumbageni". Nikirudi sikumbuki nilikuwa kwa Yakobo au kwa Esau.

Mpenda Haki
Mleta uzi, jibu lako liko Marko 1:35. "Hata alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko." Na jioni iliyotangulia mji wote ulikuwa umejaa mlangoni, soma aya ya 33. Kama yeye aliyekuwa na kazi kuliko sisi sote aliamka, sisi tunajitetea nini? Lala mapema, kaka.

Nesi wa Zamu
Mpenda Haki, alale mapema wapi na anaingia kazini saa tano usiku? Umesoma alichoandika kweli?

Halafu fungu lako linasema aliomba. Halikusema alisoma. Wakati ule Maandiko yalikuwa magombo yanayokaa sinagogi, mtu hatembei nayo kwapani. Angalia Luka 4: anapewa chuo cha nabii Isaya, yaani gombo, anakifungua, anasoma, anakifunga, anamrudishia mtumishi. Tukitaka mfano wa mtu kukaa peke yake na kitabu chake, tuutafute kwingine.

Mbondei wa Magila
Kwingine ni Matendo 8. Towashi wa Kushi, waziri wa hazina, yuko safarini anarudi kwao, ameketi garini anasoma Isaya. Mtu mwenye kazi nzito ya serikali, anasomea njiani. Na alikuwa akisoma kwa sauti, maana Filipo alimsikia.

Kijana wa Bajaji, fungu lako hilo.

Kijana wa Bajaji
Towashi alikuwa na dereva, mkuu. Mie ndiye dereva.

Mwalimu Chaki
Naomba nigeukie hiyo karatasi, maana lawama nyingi ni zake. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Watu huambiwa "sura tatu kwa siku unamaliza mwaka". Tatu mara 365 ni 1,095, unabakiwa na sura 94 mkononi tarehe 31 Desemba. Wazee waliojua walikuwa wanasema tatu siku za kawaida, tano Jumapili. Hapo inafika, na zinabaki nafasi chache za kuumwa malaria.

Sasa tazameni inapofia. Mwanzo ina sura 50, Kutoka 40, jumla 90. Ukianza Januari mosi kwa sura tatu, mwezi unapoisha unaingia Walawi: sadaka za kuteketezwa, ukoma, ukungu kwenye kuta. Ni wakati ule ule shule zimefunguliwa, sare, madaftari, michango, na kodi ya nyumba. Mtu akikwama Februari anajilaumu kwamba hana imani. Ratiba ndiyo iliyomleta kwenye sura ngumu kuliko zote katika mwezi mgumu kuliko yote.

Kwa hiyo Shifti ya Tatu, napingana nawe kidogo. Hata ungepewa saa isiyohama, ratiba hiyo ingekuangusha.

Sabato Njema
Mwalimu, hesabu nzuri, ila kwa wengine sura tano ni Jumamosi 😀

Dada Chumbageni
Na kwa wengine si sura 1,189. Sisi Wakatoliki tuna vitabu 73. Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wawili, hivyo saba tu vina sura 137, bado nyongeza za Danieli na Esta. Mwalimu asitupunje.

Ila sisi hatukimbizani na sura. Kuna masomo ya kila siku ya misa, yamepangwa na Kanisa. Jumapili ni mzunguko wa miaka mitatu, mwaka A Mathayo, B Marko, C Luka, naye Yohana anapewa nafasi yake hasa Kwaresima na Pasaka. Siku za juma somo la kwanza lina mzunguko wa miaka miwili, Injili ni ile ile kila mwaka. Ninachopenda ni kwamba ukikosa siku tatu hudaiwi. Unafungua la leo, unaendelea na wenzako wa Tanga, Songea na dunia nzima. Deni la sura kumi na mbili za nyuma ndilo linalowafanya watu waifunge Biblia kabisa.

Mpenda Haki
Lakini kwa mtindo huo Biblia nzima hamuimalizi. Masomo ya misa yanaruka sehemu nyingi.

Dada Chumbageni
Ni kweli yanaruka. Na wewe Walawi umeshawahi kuimaliza?

Mpenda Haki
Tusitoke nje ya mada.

Mama Samaki
Wanangu, mie nakaanga samaki Makorora. Alfajiri mnayosifia mie niko soko la samaki la Deep Sea nagombania ndoo ya samaki na wanaume. Nikirudi ni magamba, chumvi, moto. Mikono ina mafuta mpaka kwenye viwiko, Biblia naishika na nini?

Mwanangu wa kiume alinipakulia Biblia ya kusikiliza, ikakaa kwenye simu bila kuhitaji bando. Simu naitundika kwenye msumari mbali na mafuta, naikoroga sufuria nasikiliza. Injili ya Marko ina sura 16 tu, inaisha samaki bado wapo kwenye karai. Nimeisikiliza mara nyingi mpaka mteja wangu mmoja Mwislamu akija anauliza, "leo mmefika wapi, yule kipofu kapona?" Bartimayo huyo anamuulizia, sura ya 10.

Kwa hiyo Shifti ya Tatu mwanangu, saa isiyohama usiitafute. Tafuta kazi ya mikono isiyohitaji masikio.

Shifti ya Tatu
Shikamoo mama. Shida mashine za kwetu zinapiga kelele na tunavaa vizuia sauti. Lakini kwenye basi la wafanyakazi inawezekana.

Mpenda Haki
Mama, nakuheshimu sana, ila kusikiliza si kusoma. Ukisikiliza huku unageuza samaki, nusu inapotea. 1 Timotheo 4:13, "ufanye bidii katika kusoma". Yoshua 1:8 inasema uyatafakari mchana na usiku. Huwezi kutafakari kitu kinachokupita.

Mama Samaki
Marahaba Shifti. Na wewe Mpenda Haki, Warumi 10:17, imani chanzo chake ni kusikia. Nami naitafakari vizuri tu, samaki hawaongei.

Ustadhi wa Barabara ya Nane
Assalam aleikum na habari zenu majirani. Mniwie radhi kuingia uzi wa kanisa, nimeuona nikacheka maana hata sisi misikitini tunasemana hivi hivi kuhusu Qur'ani nje ya Ramadhani.

Niseme linalotusaidia. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, juzuu 30, takriban kurasa 20 kila juzuu. Anayetaka kukhitimisha kwa mwezi anasoma kurasa nne kila baada ya swala ya faradhi. Nne mara tano ni ishirini, umemaliza juzuu. Hatafuti saa, swala ndiyo inambeba. Adhana Ngamiani inasikika hata ukiwa bafuni, kisingizio kinakuwa kigumu. Na swala inamfuata mtu hata akiwa shifti ya usiku, maana Alfajiri itamkuta huko huko kazini.

Sasa nauliza kwa kutaka kujua: kwenu kuna kitu gani cha kila siku ambacho mtu hakiachi, akakifunga kisomo hapo?

Kijana wa Bajaji
Chai.

Nesi wa Zamu
Waaleikum salaam ustadhi, karibu sana. Hoja yako ndiyo ninayoishi nayo. Nimefunga kisomo kwenye kuvua sare. Nikirudi kutoka zamu, iwe asubuhi, jioni au usiku, kabla sijaoga nakaa kwenye stuli nasoma Zaburi moja. Saa inahama, kuvua sare hakuhami. Kuna siku inakuwa Zaburi 117, aya mbili, nashukuru Mungu naenda kuoga. Ikiangukia 119 yenye aya 176 naigawa vipande, siwi shujaa.

Mbondei wa Magila
Ustadhi umenikumbusha mbali. Kwetu Magila, kwenye misheni ya zamani ya Waanglikana wa UMCA, kitu hicho kilikuwa kengele. Sala ya asubuhi na sala ya jioni zilikuwa kila siku kanisani. Kwenye utaratibu wa zamani wa kitabu cha sala, zaburi zote 150 zimegawanywa kwa siku 30, asubuhi kidogo jioni kidogo, mwezi ukiisha mnarudi ya kwanza. Babu yangu hakuwa na Biblia yake mwenyewe hata siku moja. Lakini ukimtajia tarehe, anakuanzishia zaburi ya siku hiyo bila kuangalia popote, na anaimaliza huku anapalilia.

Kwa hiyo naona maelezo ya mleta uzi na ya Mwalimu yote yanapita pembeni. Muda wa kusoma ulikuwa mali ya kijiji. Mtu mmoja anapiga kengele, wote mnaacha jembe. Siku hizi kila mmoja tumemkabidhi Biblia yake na kumwambia ajipigie kengele mwenyewe, halafu tunashangaa anashindwa.

Mzee Raskazone
Mbondei umenena. Niongeze kwamba kabla ya Union Version, ile tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1964, vitabu vyenyewe vilikuwa adimu, kusoma kwa pamoja ilikuwa lazima.

Mwalimu Chaki
Shikamoo mzee. Union Version nzima ilitoka 1952. Kabla yake kulikuwa na Biblia ya Kiswahili cha Unguja, iliyokamilika 1891, kazi aliyoianza Askofu Steere wa hiyo hiyo UMCA aliyoitaja Mbondei. Na nyuma zaidi mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa 1844, akaanza na kitabu cha Mwanzo.

Mzee Raskazone
Marahaba mwalimu. Hiyo 1964 mie nilipewa Biblia yangu ya kwanza, kwangu ndipo ilipotoka 😀

Mpita Njia
Nipite na swali la uchokozi. Hivi nani aliyesema kila Mkristo lazima asome Biblia kila siku peke yake chumbani? Mashine ya Gutenberg ni ya miaka ya 1450. Kabla ya hapo nakala ziliandikwa kwa mkono, bei yake mkulima haigusi, na wengi hawakujua kusoma. Watakatifu wengi wa miaka elfu na mia nne hawakuwa na kisomo cha binafsi cha alfajiri, na mbinguni tunaamini wapo. Labda tunajitesa kwa sheria ya juzi.

Mpenda Haki
Waberoya! Matendo 17:11, waliyachunguza maandiko kila siku. Hiyo si sheria ya juzi.

Mpita Njia
Waliyachunguza wakiwa wengi, sinagogi kwao. Nesi keshakwambia magombo yalikaa wapi.

Sabato Njema
Msigombane. Sisi tuna vitu viwili. Asubuhi ni Kesha la Asubuhi, ukurasa mmoja familia nzima, mtoto mmoja anasoma. Halafu kuna lesoni ya Shule ya Sabato, inabadilika kila robo mwaka, ina sehemu ya kila siku yenye mafungu yake. Siri yake ni kwamba Sabato utaulizwa. Mbele ya darasa mwalimu anauliza "nani alijifunza siku zote saba?" na mikono inaonekana. Aibu nayo ni neema.

Dada Chumbageni
Aibu inazaa waongo pia. Nimesoma shule ya Wasabato, mikono ilikuwa inanyooka mingi kuliko lesoni zilizofunguliwa.

Sabato Njema
😂😂 Dada ulikuwa unakaa dawati la nyuma wewe.

Mnyakyusa wa Bandarini
Kwetu Wamoraviani kuna utaratibu wa mafungu ya kila siku ulioanzia Herrnhut, Ujerumani, kitabu chake kimechapishwa kila mwaka tangu 1731. Fungu la Agano la Kale linapatikana kwa kura, kisha linatafutiwa fungu la Agano Jipya la kwenda nalo. Mawili tu. Mtu wa bandarini meli ikiingia hana la kusema, ila mafungu mawili anameza hata akiwa amesimama kwenye foleni ya geti. Mchana kucha unayo mdomoni.

Mwalimu Chaki
Naheshimu, lakini mafungu mawili yaliyokatwa pembeni yana hatari yake. Unaweza kuishi miaka kumi na "nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" bila kujua Paulo pale Wafilipi 4 alikuwa anazungumzia kuona njaa na kushiba, siyo mtihani wa leseni ya udereva.

Kijana wa Bajaji
Mwalimu mbona unanichoma hadharani 😂 Ndilo lililoandikwa nyuma ya bajaji yangu.

Fundi Cherehani
Mimi nimeacha kabisa habari ya Biblia nzima. Nachukua kitabu kifupi nakaa nacho. Wafilipi hiyo hiyo ina sura nne. Naisoma yote, kesho yote tena, mpaka naanza kusikia mtu anaongea, anamtaja Epafrodito aliyeumwa karibu na kufa, anawasihi Euodia na Sintike wapatane. Nikiwa napiga pindo, kitabu kiko wazi kwenye meza ya kukatia, kimebanwa na mkasi. Nikiona nakijua kama njia ya kwenda sokoni, nahamia kingine. Filemoni, Yuda, Yohana ya pili na ya tatu zina sura moja moja, anayejiona mvivu aanzie huko.

Wateja wamezoea. Kuna mama aliniletea kitenge akaishia kuniuliza Onesimo, yule mtumwa wa Filemoni, alirudi au hakurudi.

Mpita Njia
Alirudi?

Fundi Cherehani
Barua inaishia anatumwa. Soma mwenyewe, ni aya 25.

Kijana wa Bajaji
Wadau, ngoja nimrudie mleta uzi. Kaka, wewe nakujua kwa sura, usijifiche. Coastal Union wakicheza Mkwakwani nakuona jukwaani, shifti yoyote ile. Zile dakika 90 unazitoa wapi? Juzi umebadilishana zamu na mwenzako ili usikose mechi!

Mama Samaki
Ehee! Jibu hilo mwanangu.

Shifti ya Tatu
😂 Nimekamatwa, ila jibu ninalo. Mechi ina siku yake imetangazwa, hiyo moja. Pili, sijawahi kwenda Mkwakwani kwa nidhamu yangu. Kuna jamaa watatu wananipitia nyumbani, wanapiga honi ya pikipiki mpaka jirani anatoka. Hata nikiwa na usingizi naondoka. Na tukirudi tunabishana njia nzima mpaka Pongwe nani alistahili kadi.

Kwenye Biblia hakuna aliyewahi kunipitia. Karatasi ya ratiba haipigi honi.

Mbondei wa Magila
Kengele hiyo niliyosema!

Mwalimu Chaki
Hapana Mbondei, kengele inaita watu kwenye jengo. Anachosema yeye ni marafiki na ubishi wa baada ya mechi. Ni kitu kingine. Towashi wa Kushi alikuwa na kitabu, alikuwa na muda, gari linamwendesha, na bado Filipo alipomuuliza kama yamemwelea alijibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Muda alikuwa nao tele. Alikosa mtu wa kuketi naye.

Nesi wa Zamu
Mnaoishi na watu wachache ndiyo mnatamani mwenzi wa kusoma. Mie nyumbani tuko wanane vyumba vitatu, wageni kutoka Korogwe hawakatiki, na hospitalini nazungukwa na watu mchana kutwa. Ile stuli yangu mkiniletea mtu wa tatu nitamfukuza. Zaburi nazipenda kwa sababu hazinitaki nimjibu mtu.

Msambaa wa Mlalo
Niseme kwa uchache. Sisi vijana tuliotoka Lushoto, wengine tuko Tanga, wengine Dar, mmoja yuko Mwanza, tuna kundi la WhatsApp. Sheria ni moja: siku yako ikifika unasoma sura kwa sauti, unarekodi, unatuma. Hakuna mahubiri, hakuna picha za asubuhi njema, hakuna kusambaza ujumbe wa kutisha. Wengine wanasikiliza wakipata nafasi. Mmoja ni mlinzi wa usiku, tunasikia mbwa wanabweka katikati ya Yeremia. Mwingine alianza Mambo ya Nyakati ya kwanza, akafika kwenye majina ya uzao, akaanza kucheka hawezi kuacha, akatuma hivyo hivyo.

Shifti zenu za kupokezana haziharibu kitu hapo, kila mtu anasikia kwa saa yake.

Mpenda Haki
Tunarudi kwenye kusikiliza tena.

Msambaa wa Mlalo
Anayesoma anasoma, kaka. Ufunuo 1:3, "Heri asomaye na wao wayasikiao." Wote wawili wamo.

Mzee Raskazone
Wanangu, nyie mnalia na muda. Mie nimestaafu, muda ninao mpaka unanichosha, nakaa barazani upepo wa bahari unapiga, Biblia iko pajani, na nasinzia aya ya tatu. Yule Eutiko wa Matendo 20 aliyeanguka orofa ya tatu Paulo akihubiri, angalau ilikuwa usiku wa manane. Mie ni saa nne asubuhi. Kwa hiyo hoja ya mleta uzi kwamba tatizo ni saa, kwangu haisimami. Na macho nayo. Herufi za Biblia yangu nadhani zilipungua zenyewe.

Nani anajua hapa Tanga zinapouzwa za maandishi makubwa?

Dada Chumbageni
Shikamoo mzee. Uliza maduka ya vitabu ya makanisa mjini, au uagize Chama cha Biblia, makao yao yako Dodoma lakini vitabu vyao vinasambaa. Ukiwa na simu ya kioo kikubwa, herufi unazikuza kwa vidole bure.

Mzee Raskazone
Marahaba mwanangu. Simu mjukuu anacheza mchezo wa magari, siipati mpaka alale. Akilala nami nimelala.

Ustadhi wa Barabara ya Nane
Mzee wangu, mwambie mjukuu akusomee kurasa mbili ndipo apewe gari lake. Mie wangu nimemfunga hivyo, juzuu Amma kaihifadhi kwa tamaa ya mchezo.

Mzee Raskazone
Ustadhi, hilo nalifanya leo leo.

Mpita Njia
Kwa hiyo mpaka sasa tuna: saa inahama, ratiba mbovu, hakuna kengele, hakuna rafiki, rafiki wengi mno, na mzee anasinzia. Uzi mtamu, naongeza chai.

Shifti ya Tatu
Mie naingia kazini wadau, ahsanteni. Msambaa, niingize kwenye hilo kundi, ila nikisoma mimi mtasikia kiwanda, si mbwa. Mwalimu, naomba uniandikie ratiba isiyopitia Walawi Februari. Agano Jipya lina sura ngapi?

Mwalimu Chaki
260. Sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 52, inaisha sawasawa bila kubaki. Siku mbili za wiki unapumzika au unafidia. Na yule mchungaji wa Scotland, M'Cheyne, aliyetunga ratiba maarufu mwaka 1842, aliwapa waumini wake takriban sura nne kila siku, Agano Jipya na Zaburi mara mbili kwa mwaka. Usianzie kwake.

Mpenda Haki
Mimi bado nashikilia 1 Timotheo 4:13. Kusoma ni kusoma kwa macho yako mwenyewe. Mama Samaki hajanijibu hapo.

Mama Samaki
Nilikuwa nauza. Haya, Wakolosai 4:16, Paulo anasema waraka huu ukiisha kusomwa kwenu, fanyeni usomwe na kwa Walaodikia. Barua ni moja, kanisa zima. Wangapi pale walisoma kwa macho yao, na wangapi waliketi wakasikiliza kama mie na karai langu?

Mpenda Haki
Niko kwenye kikao cha kwaya mama, nitakujibu nikitoka.

Kijana wa Bajaji
Wenye kambi tusogezeane mkeka, huyu harudi leo.